Pasina Kiapo kwa Kauli ya Mtu: Vyama vya Wanazuoni na Kuibuka kwa Sayansi Mpya

Wahenga wa Pwani walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Hekima ya methali hiyo iko wazi: mzee ameishi na kuona mengi, na alitamkalo aghalabu limekwisha kupimwa na miaka. Lakini katika karne ya 17 walitokea wanazuoni mjini London waliojichagulia kaulimbiu iliyoonekana kwenda kinyume kabisa na methali hiyo. Ni maneno matatu tu ya Kilatini, yaliyochukuliwa kwa Horace, mshairi wa kale wa Roma, na maana yake ni kwamba mtu asile kiapo cha kufuata kauli ya yeyote. Neno la mzee, hata mzee huyo awe Aristotle, halikutosha tena peke yake. Lilitakiwa litolewe hadharani, lijaribiwe, lishuhudiwe na macho ya wengi, ndipo lipokewe.

Historia ya sayansi mara nyingi husimuliwa kwa kutaja majina ya watu wakubwa: Galileo, Boyle, Newton. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana pengo. Mtu mmoja, awe na akili namna gani, huweza kukosea asijue, huweza kuficha alichokipata, na huweza kufa nacho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kilichoigeuza elimu ya maumbile kuwa mali ya wengi, inayoweza kusahihishwa na kuongezwa kizazi hadi kizazi, ni vyama: mabaraza ya wanazuoni yaliyokutana kwa siku maalumu, yakaandika yaliyoonekana, yakayachapisha, na yakakubali kupingwa.

Elimu iliyofungwa kwa mafumbo

Ili kuutambua uzito wa jambo hilo, ni vyema kutazama hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1610 Galileo alielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali, akaiona kama nyota tatu zilizoshikana. Hakutangaza alichokiona. Aliandika sentensi ya Kilatini, akazichanganya herufi zake zisisomeke, akaipeleka kwa wanazuoni wenzake. Johannes Kepler, mnajimu mkubwa wa zama zile, alihangaika kulifumbua fumbo hilo, na jibu alilolipata lilihusu sayari nyingine kabisa: alidhani limetajwa jambo la Mirihi.

Galileo hakuwa peke yake. Christiaan Huygens wa Uholanzi alificha kwa njia hiyo hiyo ugunduzi wake kuhusu pete ya Zohali mwaka 1656, na hakuufichua hadi 1659. Robert Hooke alifanya vivyo hivyo mwaka 1676 kwa kanuni yake ya mvutiko wa springi, akaifumbua mwaka 1678. Sababu ilikuwa moja. Mgunduzi alitaka ithibitike kuwa yeye ndiye wa kwanza, lakini aliogopa kuwa akilitamka jambo lake kabla hajalikamilisha, mwingine atalichukua na kujisifia. Wapenzi wa ushairi wanalijua fumbo na utamu wake. Ila fumbo la mshairi humwita msikilizaji alifumbue. La wanazuoni hao lilikusudiwa lisifumbuliwe kabla ya siku yake. Elimu ilikuwa kama johari iliyofungiwa kashani, na ufunguo anao mwenyewe.

Majaribio ya mwanzo ya kuliondoa kufuli hilo yalifanyika Italia. Mwaka 1603 kijana wa ukoo wa kitajiri wa Roma, Federico Cesi, akiwa na umri wa miaka 18, aliunda chama na rafiki zake watatu. Walikipa jina la linksi, mnyama wa jamii ya paka anayesifika kwa ukali wa macho. Galileo alijiunga nacho mwaka 1611, na chama kikamchapishia barua zake kuhusu madoa ya jua mwaka 1613. Lakini gharama zote zilitoka mfukoni mwa Cesi. Alipofariki mwaka 1630, chama nacho kikafifia. Mjini Florence, mwanamfalme Leopoldo de' Medici alianzisha mwaka 1657 chama cha majaribio kilichopima joto, uzito wa hewa na mambo mengine mengi kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1667 kilichapisha kitabu cha majaribio hayo bila ya kutaja jina la mwanachama aliyefanya lipi. Mwaka huo huo Leopoldo akafanywa kadinali, na chama kikamalizika. Mafunzo mawili yalipatikana hapo: baraza linalotegemea mtu mmoja hufa naye au huondoka naye, na pale ambapo jina la mtenda halitajwi, hamu ya kutenda hupungua.

Baraza la Gresham

Jumatano ya tarehe 28 Novemba 1660, watu 12 walibaki katika chuo cha Gresham mjini London baada ya kumsikiliza Christopher Wren, kijana wa miaka 28, akitoa mhadhara wa elimu ya nyota. Waliafikiana kukutana kila Jumatano alasiri kwa ajili ya kukuza elimu kwa njia ya majaribio. Kila mmoja alitoa shilingi 10 za kiingilio na shilingi moja kwa kila wiki, ahudhurie asihudhurie.

Ukubwa wa siku ile hauonekani mpaka ikumbukwe Uingereza ilikuwa imetoka wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeirarua nchi tangu mwaka 1642. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa mwaka 1649, na mwanawe alirejea kwenye kiti cha enzi miezi michache tu kabla ya mkutano wa Gresham. Miongoni mwa watu wale 12 alikuwamo John Wilkins, aliyemuoa dada yake Oliver Cromwell, kiongozi wa waliompindua mfalme. Alikuwamo pia Robert Moray, askari aliyepigana upande wa mfalme. Watu ambao jana ndugu zao walikuwa wakiuana, leo walikaa kwenye baraza moja. Ili baraza lisivunjike, walijiwekea mwiko: mabishano ya dini na siasa yabaki nje ya mlango. Ndani yajadiliwe yale tu ambayo pande mbili zinazohitilafiana zinaweza kuyatazama pamoja, kama vile uzito wa hewa, mwendo wa damu na nuru inayopita kwenye kioo. Kwa hivyo, kanuni ya kutaka ushahidi wa macho ilikuwa pia njia ya kuishi pamoja baada ya vita.

Charles wa Pili aliwapa hati ya kifalme mwaka 1662 na nyingine mwaka 1663, na chama kikawa Chama cha Kifalme cha London. Mfalme aliwapa jina, hakuwapa fedha. Huko Paris mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1666 Colbert, waziri wa Louis wa 14, aliunda chuo cha sayansi ambacho wanachama wake walilipwa mishahara na serikali, Huygens akiwa mmoja wao. Chuo hicho kilikuwa na uwezo ambao London haikuuota: kiliweza kumpeleka Jean Richer hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, mwaka 1672, ili sayari ya Mirihi ipimwe kutoka sehemu mbili za dunia kwa wakati mmoja na umbali wake ujulikane. Lakini anayelipwa na mfalme humtumikia mfalme kwanza. London walikuwa maskini, na umaskini huo uliwaachia uhuru fulani.

Mwaka 1662 walimteua Hooke kuwa msimamizi wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kuandaa majaribio matatu au manne kwa kila kikao, mbele ya wanachama. Jaribio likifaulu, waliokuwapo walishuhudia na likaandikwa. Lisipofaulu, nalo pia lilionekana. Miaka mitatu baadaye alitoa kitabu chake cha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini, na wasomaji walimwona kiroboto akiwa mkubwa kama paka.

Hata hivyo, baraza hujua tu yanayosemwa barazani. Aliyeutoa mlango nje ya kuta za Gresham ni Henry Oldenburg, Mjerumani wa Bremen aliyekuwa katibu wa chama. Huyu hakugundua nyota wala kanuni. Aliandika barua. Alimwandikia mmoja wa Italia kumweleza alichokifanya mwingine wa Poland, akamuuliza wa tatu wa Ufaransa ana rai gani. Tarehe 6 Machi 1665 alitoa toleo la kwanza la jarida lililochapisha habari za uchunguzi wa maumbile. Faida ikipatikana ni yake, na hasara pia. Jarida jingine la wanazuoni lilikuwa limeanza Paris miezi miwili kabla, ila lilichanganya vitabu vya kila aina. La Oldenburg lilielekea zaidi kwenye maumbile, na linaendelea kutoka hadi leo.

Jarida hilo ndilo lililoanza kuvunja kufuli la mafumbo. Barua ikifika ilisomwa kikaoni na tarehe yake ikaandikwa. Mgunduzi sasa aliweza kulitamka jambo lake waziwazi na bado akabaki na sifa ya kuwa wa kwanza, kwani siku ilijulikana na mashahidi walikuwapo. Kutoa kukawa na faida kuliko kuficha. Hooke, aliyekuwa akigombana na Oldenburg, bado alishikilia mafumbo yake ya herufi, lakini desturi hiyo ilikuwa ikielekea machweo.

Kazi hiyo ilimponza Oldenburg. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, mgeni anayepokea barua nyingi kutoka ng'ambo hakukosa kushukiwa, na alifungwa kwenye Mnara wa London kwa takriban miezi miwili. Alipotoka aliendelea kuandika. Baadhi ya barua zilimfikia kwa jina la Grubendol, ambalo ni herufi za Oldenburg zilizochanganywa. Hivyo mtu aliyewafundisha wenziwe kuacha mafumbo alilazimika yeye mwenyewe kujificha ndani ya fumbo.

Ni kupitia kwake ndipo muuza nguo wa mji wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, aliposikika. Hakujua Kilatini na hakusoma chuo chochote. Alijitengenezea mwenyewe hadubini zake. Mwaka 1676 aliandika kwa Kiholanzi kwamba ndani ya tone la maji ameona viumbe hai vidogo visivyohesabika. Wanachama hawakumcheka, na wala hawakumwamini. Walijaribu wenyewe. Majaribio ya awali hayakuonesha kitu, ila Novemba 1677 Hooke aliviona, na waliokuwapo wakaviona pia. Mwaka 1680 muuza nguo yule akachaguliwa kuwa mwanachama. Kwa kaulimbiu ile ile iliyowakatalia wakubwa kuaminiwa kwa ukubwa wao, mdogo naye hakukataliwa kwa udogo wake.

Kusi na kaskazi katika kurasa za London

Kwa wakaazi wa mwambao, mfano ulio karibu zaidi na kifua ni wa Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1686 chama kilimwajiri kuwa karani wake. Chama chenyewe kilikuwa kimeishiwa, kwa sababu kilitumia fedha zake kuchapisha kitabu kikubwa cha samaki chenye michoro mizuri, ambacho hakikununuliwa. Ndiyo maana ilipofika zamu ya kitabu cha Newton kuhusu mvutano na mwendo wa sayari, hapakuwa na fedha. Halley, aliyemhimiza Newton akiandike, aligharimia uchapishaji wake kutoka mfukoni mwake, na kitabu kikatoka mwaka 1687. Naye mshahara wake ulipodaiwa, alipewa nakala za kile kitabu cha samaki.

Mwaka huo huo wa 1686 Halley alichapisha katika jarida la chama makala kuhusu pepo za bahari za joto, pamoja na ramani ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake. Ndani yake imo Bahari ya Hindi na pepo zake zinazogeuka: nusu ya mwaka zikivuma kutoka upande mmoja, na nusu nyingine kutoka upande wa pili. Neno la Kiingereza alilolitumia kwa pepo hizo limetokana na mawsim la Kiarabu, ndilo shina la msimu katika Kiswahili. Halley alipata kukaa katika kisiwa cha Saint Helena, lakini hakuwahi kusafiri kwa kusi wala kaskazi. Aliyoyaandika aliyakusanya kwa mabaharia, na alikiri kuwa kazi ile si ya mmoja wala ya wachache, bali yahitaji watazamaji wengi.

Kwamba pepo zinageuka, nahodha wa jahazi aliyetoka Muskat au Surat kuja Zanzibar alikuwa akilijua karne nyingi kabla ya Halley kuzaliwa. Maisha yake yalitegemea kulijua. Ramani ya Halley haikugundua msimu. Ilichoongeza ni swali la kwa nini, na jawabu lililowekwa mahali ambapo mtu mwingine angeweza kulipinga. Halley alisema jua hupasha hewa joto, hewa ya moto hupanda, na hewa baridi huja kujaza nafasi. Hilo lilikuwa sawa. Lakini kwa nini pepo za kudumu za kaskazini mwa ikweta hazivumi moja kwa moja kutoka kaskazini, bali kutoka kaskazini-mashariki? Alidhani hewa hulifuata jua linapoelekea magharibi, na hapo alikosea.

Kosa hilo lilikaa kwenye maandishi kwa miaka 49. Mwaka 1735 George Hadley, katika jarida lile lile, alieleza kuwa dunia yenyewe inajizungusha kuelekea mashariki, na ardhi ya ikweta huenda kasi kuliko ardhi iliyo mbali nayo. Hewa inayosogea kuelekea ikweta huachwa nyuma, na kwa hivyo upepo huonekana kutoka mashariki. Maelezo ya Hadley nayo yalikuwa na upungufu, yakasahihishwa katika karne ya 19. Huo ndio utaratibu mzima kwa mfano mmoja. Halley hakuvunjiwa heshima kwa kusahihishwa, na Hadley hakuhitaji kuanza upya. Mmoja alianza, mwingine akajibu, wa tatu akakamilisha, mfano wa washairi wanaojibizana.

Nani alihesabiwa kuwa shahidi?

Lingekuwa jambo la kufurahisha lau hadithi ingeishia hapo. Lakini kaulimbiu ya kutoamini kauli ya mtu huzaa swali: macho ya nani yanahesabiwa? Mwaka 1682 balozi wa Moroko, Mohammed ben Haddu, alipokewa kuwa mwanachama na kutia saini yake kwa Kiarabu katika daftari la chama. Halley mwenyewe alijifunza Kiarabu akiwa mtu mzima ili afasiri kazi ya hisabati ya Apollonius ambayo asili yake ya Kigiriki ilikuwa imepotea na tafsiri ya Kiarabu ikabaki. Kwa hiyo mlango haukufungwa kwa kila mgeni. Lakini mwaka huo huo wa 1682 chama kiliwekeza fedha zake katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni iliyosafirisha maelfu kwa maelfu ya Waafrika kwenda utumwani Amerika. Sehemu ya gharama za elimu ile ilitoka katika biashara ya watu.

Mmoja wa waliofikishwa Amerika kwa biashara kama hiyo aliitwa na wenyewe Onesimus. Alikuwa mtumwa wa Cotton Mather, kasisi wa Boston na mwanachama wa chama. Mather alipomuuliza iwapo amewahi kuugua ndui, alijibu kuwa ameugua na hakuugua: kwao alichanjwa mkononi kwa usaha wa mgonjwa, na tangu hapo ndui haikumpata. Mather aliulizia kwa Waafrika wengine, wakasema hivyo hivyo. Mwaka 1716 alikiandikia chama barua kuhusu jambo hilo, ilhali miaka miwili kabla jarida lilikuwa limechapisha habari ya uchanjaji kama huo kutoka Istanbul. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston alichanja takriban watu 240, wakafa 6. Miongoni mwa takriban watu 5,900 walioambukizwa kwa njia ya kawaida, walikufa 844. Boylston alikwenda London, akachapisha taarifa yake na kufanywa mwanachama mwaka 1726. Onesimus hakuwamo katika daftari lolote la wanachama. Ushahidi wake ulipokewa baada ya kupita katika vinywa vya wengine.

Wanawake nao walikaa nje. Margaret Cavendish, mwandishi wa mashairi na falsafa, aliruhusiwa kutazama majaribio siku moja ya mwaka 1667, na baadaye mlango ukafungwa. Mwaka 1902 Hertha Ayrton alipendekezwa kuwa mwanachama, akakataliwa kwa hoja kuwa ni mke wa mtu. Miaka minne baadaye chama hicho hicho kikampa nishani. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, waliingia mwaka 1945. Ardaseer Cursetjee, mjenzi wa meli wa Bombay, alikuwa Mhindi wa kwanza kuingia, mwaka 1841.

Na mara moja chama kilikisaliti kiapo chake waziwazi. Newton alikuwa rais wake tangu mwaka 1703. Ulipozuka ugomvi baina yake na Leibniz wa Ujerumani kuhusu nani alianza kugundua tawi jipya la hisabati, chama kiliunda kamati mwaka 1712, na kamati ikampa Newton ushindi. Ripoti hiyo aliiandika Newton mwenyewe. Waliokataa kuapa kwa kauli ya mtu waliapa kwa kauli ya rais wao. Wanahistoria wa leo wanakubaliana kuwa kila mmoja kati ya wawili wale aligundua kwa njia yake.

Hukumu hiyo ilipinduliwa kwa njia gani? Kwa barua na karatasi ambazo vyama vyenyewe vilizihifadhi, zikasomwa upya na watu wasiomwogopa Newton. Fedha zilizowekezwa mwaka 1682 nazo zimejulikana kwa daftari za chama chenyewe. Jina la Onesimus linajulikana kwa sababu Mather aliliandika. Aliyeandika kwa nia ya kutunza ushahidi wa nyota na wadudu alitunza pia, bila ya kukusudia, ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Methali ya wazee, basi, na kaulimbiu ya Gresham hazipigani kama zilivyoonekana mwanzoni. Penye wazee neno haliharibiki pale wazee wanapokuwa wengi, wanaposikilizana, na wanapokubali kijana aulize wameyajuaje wanayoyasema. Manahodha waliomfikishia Halley habari za msimu hawana majina katika ramani yake. Pepo walizozisema zimo, na mishale yake bado inasomeka.